Kimo Hupewa, Mchezo Hufundishwa

Juma lililopita tulikaa shambani pamoja na vitunguu vyetu. Leo tutoke kidogo, tukasimame kando ya kiwanja tuwatazame vijana.

Nina swali moja. Je, kijijini kwako hakuna kijana mrefu? Naamini yuko. Akiingia katika tembe ya bibi yake hujikunja kama anayetafuta sindano iliyopotea. Akilala, shuka likifika mabegani, miguu hubaki nje. Akiivuta miguuni, mabega hushikwa na baridi, nanyi mwaujua upepo wetu wa Singida. Darasani magoti yake hayaingii chini ya dawati. Wenzake humwita twiga, au mlingoti, naye hujifunza kutembea ameinamisha kichwa ili watu wasimwone.

Tena wako wengine, watu wazima, wamwonapo humwambia, "Wewe kijana, ungalikuwa Marekani ungalikwisha tajirika kwa mpira wa kikapu!" Wa kwanza wamcheka, wa pili wamdanganya, ijapokuwa kwa nia njema. Wote wawili wamekosa jambo lile lile, nami nataka kulieleza kwa habari ya kijana mmoja wa nchi yetu, Hasheem Thabeet.

Wengi wenu mmelisikia jina hilo. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Kimo chake ni futi 7 na inchi 3, yaani meta 2 na sentimeta 21. Ukitaka kukipima, msimamishe mtu wa kimo cha kawaida mlangoni, kisha umpandishe mtoto wa miaka miwili asimame mabegani pake. Kichwa cha mtoto hakitampita Thabeet kwa mbali.

Baba yake alifariki Hasheem angali kijana. Utotoni alipiga mpira wa miguu kama watoto wote wa mitaani. Mpira wa kikapu hakuugusa hata alipofika umri wa miaka 15. Nawaomba muishike hesabu hiyo ya miaka 15, maana tutairudia.

Alipoanza, aliupenda mchezo, na moyo wake ukamwambia kwamba njia iko mbele. Hakungoja mtu aje kumchukua. Alitafuta kwa intaneti anwani za walimu wa mchezo huo katika vyuo vya Marekani, akawaandikia yeye mwenyewe. Mwishowe alikwenda huko kusoma, akaingia shule ya Cypress Christian katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Kutoka hapo, mwaka 2006, akapokewa katika Chuo Kikuu cha Connecticut, mahali penye mmoja wa walimu wakali na mashuhuri wa mchezo huo, Jim Calhoun.

Kwa wale wasioujua vizuri mchezo huu, nieleze kidogo. Kila upande una wachezaji watano uwanjani. Pete ya kikapu iko juu ya ardhi meta 3 na sentimeta 5. Mchezo huanza mwamuzi anapourusha mpira juu katikati ya watu wawili, mmoja wa kila upande, nao huruka kuupiga kwa mkono wauelekeze kwa wenzao. Kwa desturi kazi hiyo hupewa mtu mrefu. Baada ya hapo mrefu huyo hukaa karibu na pete. Adui akitupa mpira, yeye huruka kuuzuia. Mpira ukigonga ubao ukarudi, yeye huudaka kabla ya mwingine. Kwa maneno mengine yeye ndiye mlinzi wa mlango.

Basi Thabeet aliifanya kazi hiyo chuoni kwa misimu mitatu. Tazameni jinsi alivyokua. Msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo. Wa pili 10.5, wa tatu 13.6. Mipira inayorudi aliidaka kwa wastani 6.4 kwa mchezo, kisha 7.9, kisha 10.8. Na mipira aliyoizuia hewani ilizidi minne kwa mchezo katika misimu miwili ile ya mwisho. Mwaka 2008 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yake ya vyuo, iitwayo Big East, na mwaka 2009 akatajwa tena. Mwaka huo huo wa 2009 chuo chake kilifika katika timu nne za mwisho za mashindano ya vyuo vya Marekani.

Je, hii ni kazi ya kimo peke yake? La hasha. Kimo chake kilikuwa kile kile katika msimu wa kwanza na wa tatu. Kilichoongezeka ni mafundisho. Kila mwaka aliofundishwa ulionekana katika hesabu.

Lakini kuna usiku mmoja ambao ulitoa onyo. Ilikuwa tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa wamewekwa nafasi ya kwanza katika Marekani nzima, nao walicheza na chuo cha Pittsburgh. Kule Pittsburgh kulikuwa na kijana mnene aitwaye DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimeta 20 hivi. Walipokuwa wakigombea mpira, Blair alimshika mkono, akampitisha juu ya bega lake, na yule mrefu akaanguka sakafuni kama gunia la mtama. Usiku ule Blair alipata pointi 22 na kudaka mipira 23, na Pittsburgh wakashinda kwa 76 dhidi ya 68.

Yule mfupi alishindaje? Alijua mahali pa kusimama kabla mpira haujafika. Alijua kuweka kiuno chake chini ya kiuno cha mwenzake, kama mbeba mizigo ajuavyo kulipokea gunia. Mambo hayo mtu hayazaliwi nayo, wala hayapati kwa mwaka mmoja. Huingia mwilini polepole, katika maelfu ya siku za kucheza.

Hata hivyo watu waliokuwa na fedha walitazama kimo. Tarehe 25 Juni 2009 timu za ligi kuu ya Marekani, yaani N.B.A., zilikutana New York kuchagua wachezaji wapya. Kila timu huchagua kwa zamu yake. Wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin. Wa pili, aliyechaguliwa na Memphis Grizzlies, alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Hakuna Mtanzania aliyepata kuingia ligi ile kabla yake. Nyuma yake walibaki wengi ambao baadaye walikuwa wakuu wa mchezo: James Harden aliitwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Na yule Blair aliyemwangusha? Madaktari walitia shaka juu ya magoti yake, akaitwa wa 37.

Siku ile Watanzania tulijivuna, na ilikuwa haki yetu. Lakini ndipo taabu ilipoanza.

Mchezaji akichaguliwa wa pili katika nchi kubwa kama ile, watu hawasemi, "Tumngoje ajifunze." Husema, "Atuonyeshe leo." Kule Memphis nafasi ya mtu mrefu ilikuwa tayari ina mwenyewe, Marc Gasol wa Hispania. Katika msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza kama dakika 13 tu kwa mchezo, akipata wastani wa pointi 3.1. Mwezi Februari 2010 timu ikampeleka kwa siku chache katika ligi ndogo ya mafunzo, timu ya Dakota Wizards, huko kaskazini kwenye theluji. Hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko hadi wakati ule. Magazeti yakaandika, watu wakacheka.

Mimi naona kwamba kumpeleka kule hakukuwa aibu. Kilikuwa kitendo cha akili. Mtu asiyepata dakika za kucheza hujifunzia wapi? Aibu ni ya watu waliodhani kwamba mafunzo ni adhabu.

Mwezi Februari 2011 Memphis wakambadilisha kwa wachezaji wengine, akaenda Houston Rockets. Mwaka 2012 akapelekwa Portland, na mwaka huo huo akaenda Oklahoma City Thunder, alikokaa misimu miwili, hadi 2014. Baada ya hapo hakucheza tena mchezo wa ligi kuu. Aliendelea na kazi yake katika ligi ndogo ya Marekani, kisha Japani, kisha Taiwan.

Sasa turudi kwenye ile hesabu niliyowaomba muishike. Aliugusa mpira akiwa na miaka 15. Aliingia ligi iliyo ngumu kuliko zote duniani akiwa na miaka 22. Toa 15 katika 22, wabaki na miaka 7. Miaka saba, tangu siku ya kwanza hadi kusimama mbele ya mabingwa wa dunia!

Mlinganishe na yule Marc Gasol aliyemkalia nafasi. Gasol alizaliwa Barcelona mwaka 1985, katika nyumba ya watu wa mpira wa kikapu. Kaka yake Pau alikuwa bingwa kabla yake. Alikuwa mzito, wala hakuwa mrukaji. Mwaka 2007, wakati wa kuchaguliwa, aliitwa wa 48, akabaki Hispania kwanza akicheza na watu wazima huko kwao. Alipokuja Memphis mwaka 2008, mwili wake ulikuwa umekwisha kuujua mchezo. Mwaka 2013 akatajwa kuwa mlinzi bora wa N.B.A. nzima. Wa 48 akamzidi wa pili, ingawa alikuwa mfupi kwake kwa inchi mbili hivi. Tofauti yao ilikuwa miaka.

Labda utaniuliza, "Je, anayechelewa kuanza ndiyo amekwisha?" Sivyo. Dikembe Mutombo, mwana wa Kongo aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, naye alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na nia ya kuwa daktari. Alikaa chuoni miaka minne, akapata shahada yake, akaingia N.B.A. mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 25. Alitajwa mlinzi bora mara nne, na kwa fedha zake alisaidia kujenga hospitali kubwa Kinshasa, aliyoipa jina la mama yake. Alifariki mwaka 2024. Mutombo alichelewa kuanza, lakini hakuharakishwa kumaliza.

Hata katika michezo mingine ni vivyo hivyo. Huko Australia wana mpira wao, wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono na kwa miguu, watu 18 kila upande. Nao pia wana mtu mrefu ambaye kazi yake ni kuruka mwamuzi anapourusha mpira juu, aupige uwafikie wenzake. Watu wa huko wamekwisha zoea kwamba mrefu huchelewa kukomaa. Humchagua kijana, kisha humweka katika timu ya akiba miaka miwili au mitatu, na zaidi, mpaka miguu na mikono yake isikilizane.

Kijana mmoja aliyezaliwa katika Afrika yetu ya Mashariki ameonja subira ya namna hiyo, ingawa yeye kazi yake hasa imekuwa ulinzi. Jina lake Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, wazazi wake wakiwa watu wa Sudan Kusini. Alipelekwa Australia angali mtoto, akaujifunza mchezo huko. Mwaka 2013 timu ya Sydney Swans ilimchagua, wa 44. Unadhani alicheza lini mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu? Mwaka 2016. Miaka miwili na zaidi alingoja, akifundishwa. Na mwaka 2021, akiwa na timu ya Port Adelaide, alitiwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Australia nzima. Hakuna aliyemtazamia makuu mwaka 2013, kwa hiyo hakuna aliyemcheka alipokuwa akingoja.

Basi, ndugu zangu, tusimcheke Thabeet. Nimewasikia watu, hata kwenye basi la kwenda mjini, wakimtaja kama mfano wa mtu aliyeshindwa. Alishindwa na nini? Alicheza michezo zaidi ya 200 katika ligi ambayo hakuna mwana wa nchi hii aliyeifikia kabla yake. Wachezaji wengi wa Marekani waliozaliwa na mpira mkononi hawakucheza hata mmoja. Kama kuna deni katika habari hii, ni letu sisi, kwa sababu alipokuwa na miaka minane, tisa, kumi, hakuna aliyemwekea pete wala kumpa mpira wa kikapu. Tulimpeleka vitani na nusu ya silaha, kisha tukamlaumu kwa jeraha.

Sasa turudi kijijini kwetu, kwa yule kijana wa tembe. Tumfanyie nini? Nina maneno manne.

Kwanza, tuache kumwita twiga. Mtoto anayeona haya kwa ajili ya kimo chake huinamisha mgongo, na mgongo ukizoea kuinama, hakuna mwalimu atakayemfundisha kuruka. Mama, mwambie asimame sawasawa. Baba, inua kizingiti cha mlango ukijenga nyumba mpya.

Pili, tumpe mchezo mapema, si kwa ajili ya fedha, bali kwa ajili ya furaha na afya. Utasema, "Hatuna kiwanja cha mpira wa kikapu." Lakini je, shule yenu haina nguzo za netiboli? Pete ya netiboli iko juu meta 3 na sentimeta 5, sawasawa kabisa na pete ya mpira wa kikapu. Haina ubao, lakini seremala wa kijiji aweza kuupiga kwa mbao chache. Ardhi yetu ni ngumu. Ifagieni mawe, imwagieni maji, ishindilieni, na mpira utaruka. Na wasichana warefu wasisahauliwe, maana nguzo hizo zilikuwa zao kwanza. Wakifika sekondari, mpira wa kikapu umo katika michezo ya UMISSETA, nao watakwenda wakiwa wamekwisha anza.

Hata mpira wa miguu humsaidia. Humfundisha miguu yake iende anakotaka yeye, maana mrefu asiye na miguu mepesi ni kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Lakini akisema magoti yanamwuma, msimwite mvivu. Kijana anayekua kwa haraka huumwa na magoti kweli. Apumzishwe, na maumivu yakizidi apelekwe zahanati. Tena apewe chakula cha kutosha: uji wa uwele wenye karanga, maharage, mayai ya kuku wetu, na maziwa. Mwili mrefu haujengwi kwa ugali na mlenda peke yake.

Tatu, asiache shule. Thabeet alikwenda Marekani kwa mlango wa shule, na Mutombo vivyo hivyo. Akija mtu na gari zuri, akasema, "Nipeni shilingi laki tano nimpeleke kijana wenu Ulaya akacheze," msiuze ng'ombe. Mwulizeni: shule gani? Barua ya shule iko wapi? Ni nani atakayemtunza akiugua? Mwalimu mkuu wenu aisome barua hiyo, na afisa elimu aione. Mwenye nia njema hachoki kuulizwa maswali. Atakayechoka, mpeni maji ya kunywa aende zake.

Nne, na hili ndilo gumu, tumpe muda. Akikosa leo, tusiseme, "Urefu wote huo wa nini?" Mkulima hapandi alizeti leo akaenda kesho na chombo cha kukamulia mafuta. Hungoja shina, hungoja ua, hungoja ua ligeuke na kuinama. Kijana mrefu ndiye wa mwisho kuiva, maana ana kingi cha kuivisha.

Na kama hatakuwa mchezaji? Basi atakuwa mwalimu, au fundi, au mkulima aliyesimama wima, awezaye kuangika mahindi darini pasipo ngazi. Hilo nalo ni jema. Kimo amepewa bure. Vingine vyote tutamfundisha sisi, siku kwa siku, na tuanze angali mdogo.

Kabla ya jua kuchwa leo, nenda ukazitazame zile nguzo za shule yenu. Ukiona pete imelegea, ikaze. Kwaherini, tuonane juma lijalo.